Matundu ya Nairobi au Mkato wa Karibu?

Video ya upasuaji wa matundu ni tamu kuangalia, tusidanganyane. Kamera inaingia kwa kitovu, tumbo limejazwa hewa kama puto, ndani kunang'aa kama studio. Sindano inapita na uzi, fundo linafungwa, kwisha. Hakuna damu. Halafu wanakatia hapo na kukuonyesha mtoto anacheza mpira. Nimekaa kwa hii kazi ya kontenti muda wa kutosha kujua kwamba hiyo video itaipiga kila siku ile ya daktari ameinama juu ya kinena cha mtoto na kisu. Algorithimu haina huruma na kisu.

Sasa shida ni kwamba familia nazo zimeanza kuchagua matibabu kama zinachagua video. Yangu ikiwemo. Na leo nataka tuongee kuhusu henia ya watoto, ile ya kinena, kwa sababu mwaka huu imenikalisha macho usiku mwingi kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya chuoni.

Kwanza jina. Kamusi inasema ngiri. Ukiambia mtu wa Merti kwamba mtoto ana ngiri atauliza amemng'ata wapi, maana ngiri tunayemjua sisi ana miguu minne na pembe za mdomoni. Wengine wanasema mshipa. Nitasema henia, wote tutaelewana.

Hii kitu haitokani na mtoto kulia sana, wala mama kuinua mtungi akiwa na mimba, wala jicho la mtu. Mtoto wa kiume akiwa bado tumboni, korodani zake zinaanzia juu, karibu na figo, halafu zinashuka polepole hadi kwa mfuko wake miezi ya mwisho ya ujauzito. Zikishuka, kijimfuko chembamba cha utando wa tumbo nacho hushuka pamoja nazo. Kawaida hicho kijimfuko kinajifunga. Kisipojifunga, kinabaki kama mlango ulioachwa wazi, na utumbo unaweza kuchungulia hapo mtoto akilia au akijikaza. Ndio unaona uvimbe kinenani unaokuja na kwenda. Kwa kila watoto 100 waliozaliwa kwa wakati, kati ya mmoja na watano hupata. Waliozaliwa kabla ya wakati hupata zaidi. Wavulana ni wengi kuliko wasichana kwa mbali, na upande wa kulia ndio unaoongoza, karibu sita kati ya kumi. Wasichana pia wanapata, na kwao kinachochungulia kinaweza kuwa ovari, kwa hivyo usiseme "huyu ni msichana, haiwezi kuwa henia."

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miezi mitano uvimbe ulipoonekana. Kwetu Waborana mjomba wa upande wa mama anaitwa abuya, na abuya si cheo cha mchezo. Una haki juu ya yule mtoto na una deni. Dada alinitumia picha kwa simu saa nne usiku, hakuandika kitu, picha tu. Nikamwambia kesho asubuhi mpeleke.

Akampeleka kwa kituo kimoja, sitakitaja, na mhudumu mmoja akamwambia: "Hii itajifunga yenyewe, mama. Ngoja afike miaka minne, mitano."

Hapa ndipo nataka usimame kidogo hata kama unasoma ukiwa kwa matatu. Hiyo sentensi ni ya kweli, lakini kwa ugonjwa mwingine. Henia ya kitovu, ile ya kitovu kutokeza kama kidole, kwa watoto wengi hujifunga yenyewe kabla ya miaka mitano, na madaktari wengi huingoja. Henia ya kinena haijifungi. Haina haja ya kufunga mkanda, haina haja ya sarafu ya shilingi ishirini iliyobanwa na plasta, na hakika haina haja ya chuma cha moto, ambacho pia kilipendekezwa kwetu na mzee mmoja kwa nia njema kabisa. Inafungwa kwa operesheni, na mtoto akiwa mdogo zaidi ndivyo hatari ya kungoja inavyokuwa kubwa. Utafiti mmoja wa Kanada uliochapishwa mwaka 2008 uliangalia watoto wadogo waliongoja zaidi ya siku 14 baada ya kugunduliwa. Hatari ya henia yao kukwama ilikuwa karibu mara mbili ya wale walioshughulikiwa mapema. Siku kumi na nne, si miaka mitano.

Kukwama maanake utumbo umeingia kwa ule mlango na umekataa kurudi. Damu inaanza kukosa njia. Kwanza utumbo unavimba, baadaye unaweza kuoza, na korodani ya upande huo nayo inabanwa kwa sababu mishipa yake inapita pale pale.

Basi dada akarudi nyumbani ametulia. Angalau mtu wa koti jeupe amesema. Mimi sikutulia. Sijasomea udaktari, wacha niweke hiyo wazi kabla hamjaniwekea komenti. Nilikuwa nasomea takwimu, nikafika mwaka wa pili, ada ikagoma, nikatoka. Sina cheti. Lakini mtu hakunyang'anyi uwezo wa kusoma jedwali kwa sababu hujamaliza karo. Nikakaa na simu na bando la usiku, nikasoma.

Wakati huo huo habari ilikuwa imefika Nairobi. Baba mdogo wa mtoto, ambaye ana roho safi na anafanya kazi nzuri, aliona zile video. Akafungua kundi la WhatsApp, harambee, na tangazo kwamba mtoto wetu hatakatwa kama mbuzi, atafanyiwa upasuaji wa kisasa wa matundu katika hospitali ya kibinafsi Nairobi. Watu wakaandika "amina" nyingi na pesa kidogo. Bei aliyotajiwa ingekula ng'ombe wawili wazuri, na mnajua ukame umetuachia ng'ombe wangapi. Mpango ukawa: tuchange mpaka itimie. Labda miezi minne. Labda sita.

Akko, nyanya yetu, akauliza swali moja tu: "Hayo matundu yanafanya nini ambacho kisu hakifanyi?" Mimi ndiye niliyeonekana kama naweza kujibu, na nilijibu hivi, nikaongeza mengine baadaye.

Kazi ya ndani ni ile ile. Kwa mtoto hawashonei wavu kama kwa watu wazima. Wanafunga tu shingo ya kile kijimfuko kwa uzi. Njia ya zamani ni mkato mdogo kwenye mkunjo wa ngozi ya kinena, sentimita mbili hivi. Wanafika kwa kijimfuko, wanakitenganisha taratibu na mishipa ya korodani na mrija wa mbegu, wanakifunga juu kabisa. Njia ya matundu, laparoskopi, wanaingia kupitia tumbo, kamera kwenye kitovu na mara nyingi vifaa vingine viwili vidogo pembeni, wanauona mlango kutoka ndani na kuufunga.

Matokeo sasa. Je, inarudi? Kwa mikono iliyozoea, njia zote mbili henia hurudi kwa watoto wachache, na zikilinganishwa hazipishani sana. Zamani matundu yalikuwa yanarudi zaidi, hasa madaktari wakiwa bado wanajifunza, na hilo neno "wanajifunza" ulishike. Maumivu? Tofauti ndogo. Kwenda nyumbani? Watoto wengi wenye afya huenda siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa njia zote mbili. Muda kwa thiata? Kama ni pande zote mbili, matundu mara nyingi ni ya haraka. Kama ni upande mmoja, mkato hauachwi nyuma.

Pale matundu yanaposhinda kweli ni upande wa pili. Kamera ikiwa ndani, daktari anageuza tu macho na kuona kama mlango wa kushoto nao uko wazi, na anaweza kuufunga hapo hapo. Kwa mkato haoni. Mtoto akifanyiwa mkato upande mmoja, takriban saba kati ya 100 baadaye hutokeza henia upande ule mwingine na kurudi thiata. Hiyo ni faida ya kweli na sitaificha kwa sababu nabishana. Ila kuna kitu video hazisemi: watoto wengi wadogo wana ule mlango wa pili wazi na hautawahi kuwaletea shida. Ukifunga kila unaouona, umewafunga wengi ambao hawangehitaji. Madaktari wenyewe bado wanabishana juu ya hili na mimi siwezi kuwaamulia nikiwa Merti na asilimia kumi na mbili za betri.

Kingine, henia ikiwa imerudi baada ya mkato, matundu yanampa daktari njia mpya isiyo na makovu ya zamani. Hiyo pia ni yake.

Na kuna werevu ambao naupenda sana. Mwaka 2006 daktari wa Poland, Dariusz Patkowski, alieleza njia ya kutumia tundu moja tu la kamera kwenye kitovu na sindano ya kawaida ya hospitali, ile ya kudungia dawa, kupitisha uzi kuzunguka mlango. Vifaa vinapungua sana. Nikisoma vitu kama hivyo naona siku itafika ambapo hospitali za kaunti zitafanya hii bila shida. Sichukii teknolojia. Nakula kwa sababu yake.

Lakini kamera haimlazi mtoto usingizi. Kwa matundu wanajaza tumbo gesi ya kaboni dioksidi ili wapate nafasi ya kufanya kazi. Hiyo gesi inasukuma mapafu juu. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huvumilia. Kwa mtoto wa miezi sita mwenye mapafu kama viganja viwili, inataka bomba la kupumulia, mashine nzuri, na mtu wa nusu kaputi aliyezoea watoto wachanga, si aliyezoea watu wazima akibahatisha. Mkato kwa mtoto mchanga unaweza hata kufanywa kwa ganzi ya mgongoni. Na kama alizaliwa kabla ya wakati, anaweza kusahau kupumua baada ya dawa, kwa hivyo anahitaji kulala hospitali akiangaliwa usiku mzima. Ukiniuliza ni swali gani la kwanza la kuuliza hospitali yoyote, si "mnatumia matundu?" Ni "nani anamlaza usingizi, na watoto wa umri huu amewalaza wangapi?"

Ndio maana pia sishtuki na mashine. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianza mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali kwa kaunti zote, mabilioni ya pesa, thiata zikiwemo. Kufikia 2020 Seneti ilikuwa inachunguza, na moja ya malalamiko makubwa ni mashine zilizokaa bila kazi sehemu mbalimbali za nchi kwa kukosa wataalamu, umeme au maji. Mashine unaipandisha lori. Mtu aliyesomea watoto huchukua miaka.

Na watu hao tunao, ila wachache. Pale Kijabe, BethanyKids wamekuwa wakifanya upasuaji wa watoto tangu 2004 na wamefundisha madaktari wa upasuaji wa watoto kutoka nchi kadhaa za Afrika. Hiyo ndiyo stori ambayo ningependa iwe na watazamaji milioni, lakini haina gesi wala taa za studio.

Sasa weka Merti kwa ramani, wewe unayesoma ukiwa South B. Merti iko kando ya Ewaso Ng'iro, na kufika Isiolo mjini ni barabara ya vumbi na mawe, saa nyingi kwa gari la abiria lililobeba watu, miraa na mbuzi pamoja. Kutoka Isiolo mpaka Nairobi ni lami, karibu kilomita 280 nyingine. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilipendekeza kwamba angalau asilimia 80 ya watu waweze kufika mahali pa upasuaji wa dharura ndani ya masaa mawili. Masaa mawili kutoka Merti hata hujafika lami. Na hiyo ni kiangazi. Mvua ikinyesha, laga zikijaa, gari linalala upande huu na wewe unalala ndani yake.

Mtoto wa Nairobi mwenye henia akikwama saa nane usiku, wazazi wanaita teksi. Huyo anaweza kungojea matundu wiki mbili na dunia isianguke. Kwa mtoto wa Merti, kila wiki ya kungoja ni wiki ambayo laga linaweza kujaa. Miezi sita ya kuchangia matundu haikuwa miezi ya kumtafutia matokeo bora, ilikuwa miezi sita ya hatari ambayo hakuna kamera ingeifidia.

Nilisema hayo mbele ya wazee. Si rahisi, kijana wa miaka ishirini na mbili ambaye hakumaliza chuo kumpinga ndugu wa baba mtoto, tena anayetoa pesa. Nilimpigia kando kwanza. Nikamwambia, "Baba mdogo, hakuna anayekataa Nairobi. Tunakataa miezi sita." Akanyamaza kidogo. Akasema, "Na wakimharibu huko kwa kisu?" Swali la haki. Nikamwambia tutatafuta mahali penye daktari wa upasuaji na mtu wa usingizi waliozoea watoto, na tusipopapata karibu ndio tusogee mbele. Akaniambia nimekuwa na mdomo mrefu. Kesho yake akatuma nauli.

Pesa. NHIF ilishaondoka, sasa ni SHA tangu Oktoba 2024. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo, yaani 3,600 ukiwa kiwango cha chini. Kwa mtu ambaye mshahara wake una pembe na unatembea ukitafuta majani, hiyo maanake ni kuuza mbuzi kwa bei ya yule anayejua una haraka. Dada na mumewe walikuwa wamejiandikisha tu, hawajalipa. Wakauza. Kama uko na mtoto na unasoma hii, angalia hiyo ya kwako leo, kwa sababu bima inayolipwa mtoto akiwa tayari kitandani inachosha roho.

Mtoto alifanyiwa operesheni akiwa na miezi saba. Mkato mmoja, kulia. Hospitali siitaji, hii si tangazo. Daktari alikuwa mama mmoja mpole aliyemchorea dada yangu ule mlango kwa kalamu nyuma ya karatasi ya maabara, na dada akaelewa kwa dakika mbili kitu ambacho mimi nilikuwa nimemweleza wiki tatu. Alimuuliza kuhusu upande wa kushoto. Daktari hakumdanganya, akamwambia unaweza kutokeza, wengi hautokezi, akamwonyesha jinsi ya kuangalia. Walilala usiku mmoja, wakatoka.

Dada sasa anaangalia kushoto kila akimwogesha. Ataendelea kuangalia miaka kadhaa. Hiyo ndiyo bei ya mkato, na aliijua kabla ya kukubali.

Kwa wale mlionitumia picha tangu niliposema nitaandika hii: acheni kunitumia picha za watoto, tafadhali, mimi si kliniki na simu inaweza kupotea. Ukiona uvimbe kinenani unaokuja na kwenda, mpeleke wiki hii na useme kwa sauti, "Ni kinena, si kitovu." Ukiona uvimbe umekuwa mgumu, haurudi, mtoto analia ukigusa, anatapika, au ngozi inabadilika rangi, usimpe maziwa, usimkande, usingoje asubuhi. Tafuta gari.

Na yule aliyeuliza kama kovu litaonekana akiwa mkubwa: liko kwenye mkunjo, chini kabisa ya mstari wa suruali. Akko alilitafuta na miwani akalikosa, mpaka dada akamwonyesha kwa kidole.